Niagara: Maporomoko ya Watu Wote

Waliokaa mbali na redio na wasogee karibu. Leo tutajifunza habari za maporomoko ya Niagara.

Mto Niagara hutoka Ziwa Erie na kuingia Ziwa Ontario. Ng'ambo moja ni Marekani, ng'ambo ya pili ni Kanada. Njiani maji huanguka gengeni zaidi ya mita 50, kwa kishindo kama cha radi. Zamani nchi hiyo ilikuwa ya makabila ya wenyeji, miongoni mwao Waseneka.

Baadaye walowezi walijigawia kingo za mto. Wakajenga viwanda, wakazungusha nyua, wakawatoza wageni fedha. Maskini aliusikia mshindo wa maji, lakini maji yenyewe hakuyaona.

Basi watu wakauliza: je, maporomoko yaweza kuwa mali ya mtu mmoja? Frederick Law Olmsted, fundi mashuhuri wa kupanga bustani, alidai pamoja na wenzake kwa miaka mingi kwamba mahali hapo pawe pa watu wote. Mwaka 1885 serikali ya jimbo la New York iliwalipa wenye ardhi, ikaondoa nyua, ikafungua bustani ya jimbo. Tangu hapo kuyatazama maporomoko ni bure.

Mgeni hufanya nini huko? Hutembea kwa miguu katika Goat Island, maana yake Kisiwa cha Mbuzi. Akitaka, hulipa nauli, huvaa koti la mvua, na kupanda chombo kiitwacho Maid of the Mist. Safari za vyombo vya jina hilo zilianza mwaka 1846. Pia ziko ngazi za mbao chini ya maporomoko. Hizo hufunguliwa kabla ya majira ya baridi, maana barafu ingezivunja, kisha hujengwa upya.

Hata maji hugombewa. Sehemu yake huendesha mitambo ya umeme. Kwa mkataba wa mwaka 1950, Marekani na Kanada zilikubaliana kiasi cha maji kitakachoachwa kianguke. Katika majira ya wageni, kiasi hicho huwa kikubwa zaidi mchana kuliko usiku.

Sasa jibuni darasani:
1. Kwa nini maskini hakuyaona maporomoko?
2. Serikali ilifanya nini mwaka 1885?
3. Je, kwenu kuna mto, pwani au chemchemi ya watu wote? Nani huitunza?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.