Kihisi Kimekaa Wapi? Joto la Hewa Katika Injini ya Turbo



Mwezi wa Agosti hapa Pearland, wengi wenye magari ya turbo wanaijua hali hii. Umekwama kwenye foleni ya barabara kuu ya 288, jua linachoma, kisha njia inafunguka. Unakanyaga mafuta, na gari linaitika kwa uvivu, ilhali asubuhi liliruka kama swala. Mara nyingi halijaharibika. Kompyuta yake imeambiwa kwamba hewa inayoingia ni ya moto, ikaamua kuilinda injini. Mtoa habari ni kifaa kidogo kiitwacho kihisi cha joto la hewa. Mafundi husema tu "sensa".

Turbo si ya magari ya mashindano peke yake. Zimo katika Honda CR-V nyingi za kuanzia 2017 na katika Ford F-150 zenye injini za EcoBoost. Tena kijana akishapata gari lake, hamu ya kuliongezea nguvu haichelewi: anatafuta mtu wa kubadilisha programu ya kompyuta ya injini, kazi ambayo mafundi huiita kutyuni. Ikifanywa vizuri, gari hufurahisha. Ikifanywa ovyo, injini nzima hufa. Kabla hamjatoa pesa, fahamuni kazi ya kihisi hiki.

Hewa ikibanwa, hupata joto

Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga kama feni. Gurudumu hilo limeunganishwa na jingine, ambalo husukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi inaweza kuungua, na nguvu huongezeka. Hiyo ndiyo turbo.

Lakini hewa ikibanwa hupata joto. Watoto, jazeni tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, haraka haraka, kisha mguse sehemu ya chini ya pampu. Mtaelewa.

Sasa tufanye hesabu. Hewa ya nje ina digrii 35 za Selsiasi, yaani 95 za Farenhaiti. Turbo ikiibana mpaka kanieneo yake iwe mara 1.7 ya ile ya nje, hewa hiyo hutoka ikiwa na digrii 105 hivi. Maji huchemka kwa 100! Ndiyo maana hupitishwa kwanza kwenye intakula, kipoozeo kinachofanana na rejeta, ambacho mara nyingi hukaa mbele ya gari kipigwe na upepo. Intakula nzuri huweza kuishusha hewa hiyo hadi digrii 55 hivi. Kwa kanieneo ileile, hewa ya digrii 55 imeshikamana zaidi kuliko ya digrii 105 kwa karibu asilimia 15. Injini inapata hewa zaidi kwa kila pumzi.

Kazi ya kihisi

Ndani ya kihisi mna punje iitwayo themista. Ikipata joto, ukinzani wake wa umeme hupungua. Katika aina nyingi, ukinzani huwa omu elfu mbili hadi nne kwa digrii 20, na hushuka chini ya omu 200 kwa digrii 100. Kompyuta husoma badiliko hilo na kulifasiri kuwa digrii.

Kisha huamua mambo mawili. La kwanza ni petroli: hewa ya moto ni nyepesi, basi huhitaji petroli kidogo. La pili ni wakati wa cheche ya plagi. Hewa ikiwa ya moto mno, sehemu ya mchanganyiko ndani ya silinda hulipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio. Mafundi husema injini inagonga. Kugonga kukiendelea, pistoni huweza kupasuka au kutoboka. Kwa hiyo kompyuta ikiona joto limepanda, huchelewesha cheche. Gari hupungua nguvu, injini ikasalimika.

Mahali ndipo penye jambo

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kihisi nacho hujua joto la pale kilipokaa tu.

Katika magari mengi kihisi kimewekwa karibu na chujio la hewa, kabla ya turbo. Hapo kitasema digrii 35 hata kama hewa inayoingia kwenye silinda ina digrii 55, au 80 kwa sababu intakula imelemewa. Gari likiwa na kihisi hicho peke yake, anayeongeza nguvu kwa kutegemea namba hiyo anafanya kazi gizani. Anahitaji kihisi kingine baada ya intakula.

Mahali pengine ni kwenye manifodi ya aluminiamu, juu ya injini. Hapa tatizo hugeuka. Gari likisimama kwenye foleni au likizimwa kwa dakika kumi, chuma chote hupata moto, na kihisi huanza kusoma joto la chuma badala ya la hewa. Kompyuta inayokadiria kiasi cha hewa kwa kutumia joto itadhani hewa ni nyepesi kuliko ilivyo, na kutoa petroli pungufu. Katika injini ya turbo iliyobanwa sana, petroli pungufu ni hatari.

Ndiyo maana mafundi wengi hupenda kihisi kikae kwenye bomba baada ya intakula, mbali na chuma cha moto, na punje yake iwe wazi kwa hewa. Kilichofunikwa kwa shaba huchelewa kujibu, na turbo hupandisha joto kwa sekunde chache tu.

Mombasa, Nairobi na Houston

Waliokulia Kenya wanaikumbuka Toyota Celica ya turbo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda kwa Celica ya turbo pia. Kenya huijaribu injini kwelikweli. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Ili kufikia kanieneo ileile ndani ya injini, turbo lazima ibane zaidi, na hewa hupata joto zaidi.

Houston ni kama Mombasa: chini, joto, unyevu. Programu iliyotengenezwa mahali pa baridi, au hapahapa mwezi wa Januari, haifai kuaminiwa mwezi wa Agosti bila kupimwa upya.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kihisi kimekaa wapi, kabla ya turbo au baada ya intakula? Ukikanyaga mafuta mara tatu mfululizo, joto hurudi chini au linazidi kupanda? Likizidi kupanda, intakula haitoshi, na nguvu isiongezwe. Umepima siku ya joto?

Tahadhari moja. Kuna vifaa vya bei rahisi vinavyouzwa kwa ahadi ya kuongeza nguvu, kumbe ni kipande cha ukinzani tu, kinachoidanganya kompyuta kwamba hewa ni ya baridi. Huko ni kuvunja kipimajoto ili homa isionekane. Homa ingalipo.

Jaribio la nyumbani

Magari yanayouzwa Marekani tangu yale ya 1996 yana soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi. Kwa kisomaji cha bei nafuu mnaweza kuona joto la hewa inayoingia. Andikeni namba tatu: asubuhi kabla ya kuwasha injini, baada ya dakika kumi za mwendo kwenye barabara iliyo wazi, na baada ya kuegesha na kuzima kwa dakika kumi. Asubuhi, namba ikaribiane na joto la nje. Ikipishana nalo sana, huenda kihisi ni kibovu. Mtoto wa kiti cha nyuma ndiye karani. Dereva ashike usukani. Leteni namba zenu Jumamosi ijayo, tuzilinganishe ubaoni.

Maneno ya wiki

*Kihisi (vihisi)*: kifaa kinachotambua hali fulani, kama joto au mwanga.
*Kanieneo*: nguvu inayosukuma eneo fulani, kama hewa ndani ya tairi.
*Ukinzani*: hali ya kitu kuzuia umeme usipite kwa urahisi.
*Cheche*: punje ya moto inayoruka, kama ile ya plagi.