Conflans, Mji Uliojengwa na Kusubiri

Sheria ya kiraia ya Ufaransa, kifungu cha 102, ina ibara inayowahusu watu wasiokaa nchi kavu. Nahodha wa tishari la mtoni, pamoja na mke na watoto anaoishi nao humo, anatakiwa achague mji mmoja kutoka katika orodha iliyowekwa na serikali, na mji huo ndio utakaohesabiwa kuwa kwao, hata kama hawana humo chumba wala kiwanja. Conflans-Sainte-Honorine umo katika orodha hiyo. Watu wa matishari wenyewe wameupa hadhi kubwa zaidi: wanauita mji mkuu wao.

Uko kaskazini-magharibi ya Paris, mwendo wa kama kilomita 25 ukienda kwa njia iliyonyooka, mahali ambapo mto Oise unamwaga maji yake katika mto Seine. Anayeteremka Oise akifika hapo ana njia mbili mbele yake. Akipanda na Seine anakwenda Paris. Akishuka nayo anakwenda Rouen na hatimaye baharini. Njia panda ya namna hiyo lazima watu wasimame, na waliposimama, mji ukaota.

Zamani haukuwa mji wa matishari. Mwaka 876 watawa walikimbia Wanormani waliokuwa wakipora pwani, wakaja hapo na mabaki ya Mtakatifu Honorine, binti aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Mahujaji wakaanza kumiminika, na miongoni mwao walikuwemo wafungwa walioachiwa huru waliokuja kumtolea minyororo yao. Juu ya kilima yakajengwa kanisa na ngome ya mawe, na mnara wa ngome hiyo, uitwao Montjoie, ungalipo tangu karne ya 11. Wenyeji walilima mizabibu mteremkoni na kuchimba mawe ya kujengea. Maisha hayo yaliendelea kwa karne nyingi, na ukipanda vichochoro vya mji wa juu leo bado unayaona katika kuta.

Kilichogeuza mambo ni makaa ya mawe. Mwaka 1810 ulifunguliwa mfereji wa Saint-Quentin, ukaunganisha migodi ya kaskazini na mto Oise, na kupitia Oise ukaunganisha migodi na majiko na viwanda vya Paris. Matishari yalishuka yakiwa yamejaa hadi maji yanakaribia ukingo. Kwenye mifereji yalivutwa na farasi waliotembea ukingoni, na pale ambapo nahodha hakuwa na uwezo wa kukodi farasi, alijifunga mkanda kifuani yeye na mkewe, wakakokota wenyewe hatua kwa hatua. Lakini Seine ni mto mpana wenye mkondo, na huwezi kupanda nao kwa mkanda wa kifua. Ilibidi usubiri Conflans mpaka ipatikane boti ya kukuvuta.

Mwaka 1855 ulilazwa mnyororo chini ya mto kutoka Paris hadi Conflans, kiasi cha kilomita 70 kwa jinsi Seine inavyojipinda. Boti ya mvuke iliuokota mnyororo huo kwa omo, ikauzungusha kwenye mapipa ya chuma yaliyokuwa katikati yake, ikautema nyuma kwa shetri. Hivyo ikajivuta yenyewe, na nyuma yake ikafuata foleni ya matishari yaliyofungwa moja kwa jingine. Foleni hizo zilipangwa na kufumuliwa Conflans. Aliyefika leo alisubiri kesho au keshokutwa, na wakati anasubiri alinunua mkate na kamba, akafua nguo, akatafuta fundi wa kuziba nyufa, akaonana na ndugu yake aliyekuwa akitokea upande wa pili. Hapo ndipo ninapoiona asili ya mji huu. Haikuwa biashara iliyowakutanisha watu hawa, maana makaa yalipakiwa kwingine na kupakuliwa kwingine. Kilichowakutanisha ni kungoja.

Kuishi kifamilia ndani ya tishari nako kulikuja kwa sababu ya shida. Reli ilipoenea katika karne ya 19, nauli za mtoni ziliporomoka. Nahodha aliyekuwa na nyumba kijijini na kibarua wa kumlipa aliona hesabu haiendi. Akaiacha nyumba, akamhamishia mke na watoto kwenye tishari, na mke akashika kazi ya kibarua. Baada ya vizazi viwili vitatu, dhiki ile ikawa mila yenye fahari yake. Watoto wa matishari walioana wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa msichana wa nchi kavu angejuaje kushika usukani kwenye upepo wa ubavu, au kurusha kamba ikanase kwenye nguzo mara moja?

Tishari lenyewe lilipimwa na serikali. Kwa sheria ya mwaka 1879, iliyosimamiwa na waziri Charles de Freycinet, mabwawa yenye milango ya kupandishia na kushushia vyombo katika mifereji mikuu yalijengwa kwa kipimo kimoja, yapokee chombo chenye urefu wa mita 38.5 na upana wa mita 5.05. Tishari la kipimo hicho hubeba kati ya tani 250 na 350. Karibu urefu wote ni ngama ya mzigo. Familia ilibakiwa na kipande cha nyuma, karibu na usukani: chumba cha mita chache ambamo kila kitu kimejengwa ukutani, kitanda kikiwa ndani ya kabati, droo chini ya kitanda, benchi ambalo ni sanduku pia. Hapo ndipo unapouona ustaarabu wa watu hawa. Madirisha madogo yana mapazia ya nyuzi zilizofumwa kwa mkono. Shaba ya taa na ya vishikio imesuguliwa hadi inawaka, ingawa mzigo nje ni makaa na vumbi lake linaingia kila ufa. Juu ya paa kuna vyungu vya maua. Mama wa tishari alipigana na uchafu kila siku ya maisha yake, na jirani aliyekuja kufunga tishari lake ubavuni alimpima kwa mapazia hayo.

Mtoto mdogo alifungwa mkanda mwilini wenye kamba iliyoshikizwa juu ya sitaha, apate kutambaa bila kufika ukingoni. Kuna kifo kimoja ambacho kila familia ya mtoni ilikiogopa. Akifikisha miaka sita hivi, mtoto huyo aliyezoea kulala akisikia maji ubaoni alipelekwa shule ya bweni nchi kavu. Wazazi waliendelea na safari. Walimwona pale mzigo ulipowapitisha karibu, na likizo zilipofika. Waliopitia mabweni hayo wamesimulia sana uchungu wa mwezi wa kwanza. Sioni kwamba jambo hili linafaa kupambwa. Jamii ililipa gharama kubwa ili watoto wake wasome, na walioilipa hasa ni watoto wenyewe. Ndiyo maana siku za likizo gati la Conflans lilikuwa na shangwe ambayo mgeni hakuielewa: matishari yamepangwa ubavu kwa ubavu, safu baada ya safu, na watoto wanaruka kutoka sitaha moja hadi nyingine wakitafuta la kwao.

Jean Vigo aliijua hali hii alipotengeneza filamu yake L'Atalante mwaka 1934, kuhusu nahodha kijana anayemwoa msichana wa kijijini na kuondoka naye siku ileile ya harusi. Harusi hiyo ilipigwa picha Maurecourt, ng'ambo ya pili ya Oise, ukitazamana na Conflans. Vigo alikufa mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 29.

Miaka hiyo ya 1930 ilikuwa migumu. Viwanda vilisimama, mizigo ikakosekana, na wenye mizigo wakawa wanawashindanisha manahodha mpaka mtu anakubali safari isiyolipa hata chakula. Watu wa matishari wakagoma, wakaifunga mito kwa vyombo vyao wenyewe. Katika mapambano hayo ulipata nguvu ya sheria utaratibu ambao kwangu ndio mila yao iliyo bora kuliko zote: zamu. Aliyepakua mzigo aliandikisha jina lake ofisini. Safari zilizopatikana ziliandikwa ubaoni, pamoja na aina ya mzigo, mahali pa kwenda na nauli, na aliyetangulia kuandikishwa alikuwa na haki ya kuchagua kwanza. Akizikataa, haki ilihamia kwa anayemfuata. Hakukuwa na kumnunulia karani kinywaji, wala mwenye tishari jipya kumruka mwenye tishari kuukuu. Mzee, mjane anayeendesha na mwanawe, kijana aliyeoa juzi, wote walisimama mbele ya ubao mmoja. Conflans ilikuwa na ofisi ya namna hiyo, na mikahawa iliyoizunguka ilijaa watu waliokuwa wakihesabu ni majina mangapi yamebaki mbele yao.

Wakati huohuo akatokea padri Joseph Bellanger. Aliona kwamba watu hawa hawana parokia, kwa kuwa Jumapili hii wako hapa na ijayo wako Rouen au mpakani mwa Ubelgiji. Akatafuta kanisa linaloelea. Alipata tishari kubwa la zege, lenye urefu wa mita 70, lililojengwa mwaka 1919 wakati chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Mwaka 1936 lilifunguliwa kama kanisa, likiwa limefungwa kwenye gati la Conflans, nalo linaitwa Je Sers, maana yake "Natumikia". Unapita sitahani, unashuka ngazi, na pale palipokuwa pa kumwaga makaa unakuta viti na altare. Tangu mwanzo halikuwa la sala peke yake. Aliyekosa mzigo alipata supu, aliyeshindwa na barua za serikali alisomewa na kujibiwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili injini zilienea, na kila tishari likajiendesha. Hapakuwa tena na sababu ya kungoja boti ya kuvuta. Migodi ya kaskazini ikapungua mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho ukafungwa mwaka 1990. Serikali ikawalipa wenye matishari wayakatekate kuwa chuma chakavu, na wengi wakapokea. Kisha, kwa agizo la Umoja wa Ulaya, ilipofika mwaka 2000 zamu ikafutwa: mwenye mzigo na mwenye chombo wapatane wenyewe. Najua hoja za waliotaka hivyo, kwamba wateja walichoka kungoja na malori yaliwachukua. Hoja hizo zina ukweli. Lakini ubao ulipoondolewa, watu walipoteza mahali pa kusimama pamoja, na simu haiwezi kufanya kazi hiyo.

Mji wenyewe uliendelea kukua ukiwa umeupa mto mgongo. Una watu wapatao 35,000 sasa, wengi wao wakipanda treni asubuhi kwenda Paris, na treni ya RER A inapita hapo. Michel Rocard alikuwa meya wake kuanzia 1977 hadi 1994, na katikati ya miaka hiyo akawa waziri mkuu wa nchi. Oktoba 2020 jina la Conflans lilisikika duniani kote kwa sababu ya msiba, pale mwalimu Samuel Paty wa shule moja ya mji huo alipouawa. Pale kilimani, makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1967 na François Beaudouin yanatunza mifano ya vyombo, zana na picha za watu wa matishari.

Kila mwaka mwezi wa Juni, tangu 1960, hufanyika sikukuu yao kuu. Moto unachukuliwa kutoka kaburi la Askari Asiyejulikana chini ya Arc de Triomphe, unasafirishwa kwa chombo kwa njia ya Seine hadi Conflans, na kwa moto huo wanakumbukwa watu wa matishari waliokufa vitani. Vyombo vinapambwa kwa bendera za rangi kutoka omo hadi shetri, vinabarikiwa, na wazee waliostaafu, ambao wengi wao wanaishi kwenye matishari yaliyofungwa hapohapo na hayataondoka tena, wanakaa sitahani kupokea wageni. Ni siku ya kutaja majina ya vyombo, nani alirithi lipi, na lipi lilikatwa.

Je Sers bado liko palepale, na bado wako wanaosubiri. Katika miaka ya 2010 Watibeti walianza kufika Conflans kwa mamia, wakiomba hifadhi Ufaransa. Habari zilikuwa zimeenea miongoni mwao kwamba kuna boti ambako mtu asiye na karatasi anapewa chakula. Wengine walilala kwenye mahema kando ya Seine wakati wakingoja majibu ya serikali. Wakatoliki wa matishari wakawapikia Wabudha waliotoka milimani mbali na bahari yoyote, na Watibeti nao wakawa wanaosha vyombo na kugawa chakula humo.

Kaskazini sasa unachimbwa mfereji mwingine, wa kilomita 107, utakaounganisha Oise na mifereji mikubwa inayoelekea Ubelgiji na Uholanzi. Utapitisha vyombo vya hadi tani 4,400, na vyote vinavyokwenda Paris au Rouen vitapita mbele ya Conflans. Wenye mji wanautazamia kwa matumaini. Lakini vyombo vya ukubwa huo huendeshwa na mabaharia wa mshahara wanaopokezana, na nyumba zao ziko nchi kavu. Havina haja ya kusimama. Kama halmashauri inataka visimame, ianze sasa kutenga gati refu la kutosha, maji ya kunywa, umeme, na mahali ambapo nahodha anaweza kushuka akaonana na mwenzake.