Tenki Linalolala Njaa

Land Rover ya baba ilikuwa na ugonjwa wa kuzimika tukikaribia Sindeni. Tukitoka Korogwe na mzigo inakwenda vizuri, inapanda, inashuka, kisha ghafla inakata pumzi, inakohoa mara mbili tatu, kimya. Tunafungua boneti, tunasafisha plagi, tunapuliza kabureta. Robo saa baadaye ukipiga stata inawaka kama vile haikuwa na neno. Mbele kidogo, yale yale. Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 tu, lakini kuna siku tulisimama mara nne, magunia ya mahindi yako juu na mvua ya vuli inanukia.

Tulibadilisha plagi, tukabadilisha koili, hata pampu. Fundi mmoja akatushauri tuiuze. Aliyeujua ugonjwa ni mzee wa gereji moja ya Manundu, palepale Korogwe, ambaye ujana wake wote aliutumia kutengeneza matrekta ya mashamba ya mkonge. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na wala hakugusa plagi. Alifungua kikombe cha kioo kilicho chini ya pampu ya mafuta, akakiinua kwenye mwanga. Kitakoni palikuwa na tone la maji limejikunja kama ushanga, na kulizunguka vumbi jekundu.

"Mwanangu," akasema, "injini yako nzima kabisa. Gari lina vidonda vya tumbo."

Akanieleza. Ndani ya tenki kutu inabanduka kama magamba. Injini ikivuta mafuta, magamba yanaandamana na mvuto hadi mdomo wa bomba la kunyonyea, yanauziba. Injini ikizimika mvuto unakwisha, magamba yanadondoka, njia inafunguka. Ndiyo maana gari lilikuwa likipona kwa kupumzika. Nimewaeleza jambo hili madereva wengi tangu siku ile, na karibu kila mmoja alikuwa amekwisha kununua pampu ambayo hakuihitaji.

Nilimuuliza maji yametoka wapi, maana sijawahi kumimina maji kwenye tenki. Naye akaniuliza, "Huwa unaweka lita ngapi?"

Tano. Siku ya neema, kumi.

Tenki la Land Rover yetu, 109 ya pikapu, linachukua lita 45 hivi. Ukiweka tano, sehemu yote iliyobaki ni hewa. Mchana jua la Handeni linalipasha bati, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Alfajiri bati linapoa, hewa inasinyaa, na ya nje inavutwa ndani kupitia tundu la kupumulia, pamoja na unyevu wake. Unyevu huo unashika ukuta wa bati kama jasho linavyotoka kwenye bilauri ya maji baridi, unateremka taratibu mpaka chini. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakishafika kitakoni hayapandi tena. Yanalala pale, yanakula chuma usiku na mchana. Usiku mmoja si kitu. Lakini hesabu usiku wa miaka ishirini.

Jambo hili liliniuma na linaniuma mpaka leo. Mwenye uwezo anajaza tenki na tenki lake linadumu. Sisi tunaonunua mafuta kulingana na mzigo wa siku hiyo ndio tunaolazimika kununua tenki jingine. Na vijijini kuna la ziada: kidumu. Handeni maji ni ya kutafutwa, na kidumu kilichobeba maji jana ndicho kinachobeba petroli leo, bila kukaushwa. Kikombe kimoja cha maji kinachobaki humo kinaishia kitakoni mwa tenki.

Watu husema Land Rover haishiki kutu. Ni kweli kwa sehemu kubwa ya bodi, maana ni ya aluminiamu. Chesisi ni chuma, na tenki ni chuma. Tenki letu liko chini ya kiti, tairi ya mbele inalirushia tope la masika, tope linaganda kwenye maungio na kwenye boliti, linatunza unyevu hata wiki mbili baada ya mvua kukatika. Kwa nje, basi, dawa ni maji na brashi: safisha tope, kausha, kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, halafu juu yake rangi ya lami. Wengi hupaka lami juu ya tope na kutu. Hapo umeufungia unyevu ndani ya nyumba.

Kwa ndani tulilishusha tenki, tukamwaga kila kitu, tukaliosha kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa. Mzee aliingiza kipande cha mnyororo, tukalitikisa watu wawili mpaka mikono ikafa ganzi, na magamba yaliyotoka yalijaza kopo la rangi. Kisha akanituma kwenye duka la vyakula vya mifugo nikanunue molasi, ile wanayolishia ng'ombe. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, ukajaza, ukaacha wiki mbili. Inaila kutu polepole na kukiacha chuma. Baadaye tukasuuza, tukakausha juani siku hiyo hiyo, tukazungusha mafuta ndani kila upande, kwa sababu chuma kilichotoka kuoshwa kinashika kutu upya ndani ya saa chache.

Lilipokauka ndipo tukaona nuru ikipenya kitakoni. Matundu matatu, madogo kama ncha ya sindano. Kwa safari ya dharura, tundu kama hilo unalisugulia sabuni ya mche iliyokauka mpaka lizibe. Petroli haiyeyushi sabuni, nayo inaweza kukufikisha nyumbani. Ikufikishe nyumbani tu.

Hapa naomba msomaji atulie nami. Jirani na gereji alikuwapo kijana wa kuchomelea, hodari, mwenye haraka. Akasema, "Lete, mjomba, si limeshakauka?" Mzee alilichukua tenki mikononi mwake akaliweka nyuma ya mgongo. Tenki tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli hulipuka ukichanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ndio unaojaa ndani ya tenki tupu. Mabaki kidogo yaliyojificha kwenye maungio yanatosha kutoa mvuke tena chuma kikipata moto. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unatafuta jiko la mama ntilie lililo hatua chache kutoka pale. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, moto wa petroli iliyomwagika kutoka kwenye lori uliua watu zaidi ya 100. Mkitaka kuchomelea tenki, lioshwe kama nilivyosema, lijazwe maji hadi karibu kabisa na mahali pa kuchomea, na hewa iwe na njia ya kutokea. Fundi asipokubali masharti hayo, ondoka na tenki lako.

La kwetu mzee hakulichomelea. Kitako kilichoanza kutoboka kimeisha chote, alisema, ukiziba hapa litatoboka pale. Ungeweza kwenda Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta lililotumika, lakini usilipe kabla hujatia tochi na kioo kidogo ndani. Sisi tulitengenezewa jipya kwa bati jeusi, likiwa na kuta za ndani zenye matundu ili mafuta yasipige kelele za mawimbi kwenye kona. Kwa gari la dizeli, usikubali bati la mabati ya nyumba: zinki yake huingia kwenye mafuta na kuja kuharibu nozeli. Na kile kidumu ambacho wengine hukifunga karibu na injini badala ya tenki, jamani, hapana.

Wenye magari madogo ya Japani nao wachungulie uvunguni kabla ya kununua. Kule kwenye theluji barabara humwagiwa chumvi, na gari linaweza kufika huku linang'aa juu na chini limeliwa. Mengi ya siku hizi yana tenki la plastiki, lakini koo la kujazia na mikanda ya kulishikilia mara nyingi bado ni chuma.

Sasa nikipata fedha ya kujaza nusu tenki, naijaza jioni, gari lilale limeshiba. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla halijatikiswa, nje, mbali na moto, nalegeza nati ya kumwagia iliyo kitakoni na kukinga chupa ya kioo. Mara ya mwisho ilitoka petroli safi na tone moja la maji chini yake. Nikangoja mpaka nikahakikisha hakuna la pili, nikakaza nati, nikaondoka kwenda Chanika ya Handeni.