Baba yuko kwenye shimo: jina la nyumba liandikwe na nani?

Mvua ilianza saa mbili za usiku na haikukata mpaka majogoo. Sisi wa Katanika tunaijua sauti yake juu ya malata. Ukiona haumusikii tena mtu anayekusemesha mu nyumba moja, unaamusha watoto, unapandisha unga juu ya meza, unakunja mikeka. Wenye nyumba za matofali mabichi wanatoka nje kabisa na kusimama kwa jirani mwenye ukuta mgumu. Na hawarudi mbio, juu ya ukuta wa udongo una ujanja wake: unaweza kuvumilia usiku muzima, halafu unaanguka asubuhi, jua likitoka, wakati mama ameingia kutafuta chungu.

Asubuhi ile kuta kadhaa zililala chini. Hakuna aliyekufa, tunamushukuru Mungu. Kisha siku mbili walipita vijana wawili na kaye ya kuandika majina ya nyumba zilizopatwa, ili kama msaada ukifika, kila nyumba ijulikane. Hatutaji walitumwa na nani. Walifanya kazi vile wengi wanavyoifanya, na njo pale shida iko. Walifika kwa mama mmoja wa kwetu, bibi ya mchimbaji, mwenye watoto watano.

“Mwenye nyumba iko wapi?”

“Iko mu machimbo, upande wa Nyunzu.”

“Atarudia lini?”

“Akipata kitu, atarudia.”

“Basi tutamwandika akirudia.”

Wakaenda nyumba ingine. Mama akabaki na ukuta wake chini na jina lake nje ya kaye. Alipotusimulia hakulia. Alicheka ile kicheko ya kuchoka, akasema: “Kumbe mvua inanijua, lakini kaye hainijui.”

Ndugu wachimbaji, jambo hili si la mama mmoja. Katanika ni kartie ya wanaume wanaoenda. Wengine wako Nyunzu kwenye koltani, wengine wameshuka Manono, wengine wanafuata dhahabu pale wanapoisikia. Wakati wa mvua, nyumba nyingi zetu ni nyumba za mama, na bwana ni simu inayoita bila kupokelewa. Kama kanuni ya kuandika ni kumwona baba kwa macho, basi nyumba zinazoachwa ni zile zile zisizo na mwanaume wa kusimamisha ukuta. Na tusisahau wale waliokuja hapa kuanzia 2016 na 2017, vita ya Watwa na Waluba ilipowafukuza mu vijiji. Kati yao muko wajane wengi. Baba yao hatarudia hata mukingoja.

Sheria haimukatazi mama. Kanuni ya familia iligeuzwa tarehe 15 Julai 2016, na ile ruhusa ya bwana ambayo zamani bibi alitakiwa kuwa nayo mbele ya kutia sahihi, iliondolewa. Ni kweli sheria bado inamuita bwana mkubwa wa nyumba. Lakini hakuna sheria ya nchi inayosema bibi aliyesimama mbele ya ukuta ulioanguka hawezi kusema jina lake na kutia kidole. Tunaomba mama zetu walijue hili, juu ya anayekuja na kaye mara nyingi yeye mwenyewe halijui.

Sendika ilifanya nini? Tulinunua kaye yetu. Mama wawili wa kwetu walizunguka siku tatu, wakaandika jina la mama kwanza, kisha la bwana, pahali anapochimba, hesabu ya watoto, kitu gani kimeanguka. Kurasa zilijaa kuliko vile tulifikiri. Tulipeleka kwa shefu wa kartie, akasoma yote mbele yetu, akatia kashe, tukabaki na kopi. Majina yaliongezwa. Mabashi, mpaka siku tunaandika haya, hatujayaona, na hatutadanganya mtu kwamba kashe ni bashi. Lakini siku yakifika, hakuna atakayesema nyumba hizo hazikujulikana.

Sasa tuseme juu ya serikali za miji, si ya kwetu peke yake. Kandokando ya ziwa hili lote, mvua ikiwa kali, jibu ni karibu moja: wanahesabu nyumba, wanaita salongo, wanaambia watu wa kando ya mto na ya ziwa wahame. Kuhesabu tumeshasema. Salongo ni nzuri, na sisi tunashika koleo kama wengine, lakini kanivo inasafishwa mwezi wa nane na wa tisa, ikiwa kavu. Kuisafisha maji yakiwa ndani ni kuosha sahani mtu angali anakula. Kuhusu kuhama, swali letu ni fupi: kuhamia wapi, na karatasi gani ya kiwanja? Mtu aliyejenga kando ya mto hakupenda vyura. Alijenga pale bei ilipolingana na mfuko wake. Umuambie ahame bila kumuonyesha pahali, atahama wiki mbili, kisha atarudia usiku na malata yake kichwani.

Lakini tusiwadanganye pia kwamba meri wa muji anaweza yote. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, ndio mto Lukuga, na mlango huo uko hapa Kalemie. Watu wanasema, “Chimbeni Lukuga, maji yashuke.” Sehemu kubwa sana ya maji ya ziwa haipiti Lukuga. Inapanda hewani kwa jua. Njo maana ziwa likipanda linakawia kushuka, na linafika juu kabisa mwezi wa nne na wa tano, wakati mvua inaelekea kuisha na watu wanaanza kupumua. Mwezi wa tano 2024 lilikaribia metre 777 juu ya bahari, kimo ambacho wazee waliwahi kukiona miaka ya 1960. Uvira waliingiliwa, Bujumbura waliingiliwa, na sisi Kalemie vilevile. Ukigusa Lukuga, umegusa maji ya Burundi, Tanzania na Zambia pia. Nchi hizo na yetu zilipatana juu ya ziwa mwaka 2003, na ofisi yao iko Bujumbura. Hilo ni la wakubwa. Kanivo ya Katanika si ya Bujumbura.

Pesa je? Kila mkutano kuna mtu anasimama: “Kodi ya madini iko wapi? Si muji unapata 15 kwa 100?” Tuieleze vizuri, tusipigane bure. Kodi ambayo kampuni zenye ruhusa zinalipa juu ya madini wanayouza, sheria ya 2018 inaigawanya hivi: 50 kwa 100 inaenda Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa muji au sekta au shefferi ambamo shimo liko, na 10 kwa mfuko wa watoto watakaokuja. Kwa hiyo 15 ya Manono ni ya Manono. Kalemie hawezi kuidai. Lakini ile 25 ni ya jimbo zima la Tanganyika, na makao ya jimbo ni hapa. Mchimbaji wa Katanika anaenda kutoka jasho Manono, nyumba yake inaangukia hapa. Swali letu liende kwa jimbo, na liulizwe wakati bajeti inapigwa, si wakati maji yanafika magoti. Tumeandika barua. Tutawaambia jibu, hata kama jibu ni kimya.

Kwa ninyi mulio mu shimo, neno moja refu kidogo. Mvua inayobomoa ukuta wa bibi yako ndiyo inayokujia wewe pia. Tarehe 11 Septemba 2020 kule Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kali iliingiza maji mu mashimo ya dhahabu, na watu karibu 50 hawakutoka. Wengi walikuwa vijana. Udongo ulioshiba maji unakuwa muzito, na ile lundo ya udongo munayoacha kwenye mdomo wa shimo inasukuma ukingo uingie ndani. Kwa hiyo peleka udongo mbali, chimba mfereji wa kuzunguka mdomo, na ukiona ufa kama sura ya mwezi karibu na ukingo, usiteremuke, hata kama mwenye shimo anapiga kelele. Motopompi ikikausha maji, haijakausha ukuta. Acha siku zipite. Sheria inamukataza mchimbaji wa mikono kupita metre 30 kwenda chini, na tunajua wote ni wangapi wanaoiheshimu. Mwenye mkopo kwa negosia anashuka akiona ufa. Tunajua. Hata hivyo tunasema.

Mu kartie, watu wanasikia pia habari ya Kasaba, kule Fizi, kwenye ziwa lile lile. Mwezi wa tano 2025 mto ulikuja usiku watu wamelala, ukabeba zaidi ya 60. Tangu hapo vijana wetu wamejipanga zamu. Mvua ikipita saa moja bila kupungua, wawili wanatoka na filimbi na tochi, wanaangalia maji, na wakipiga filimbi mara tatu, kila mtu anatoka. Filimbi zilinunuliwa na likelemba ya wamama. Hakuna aliyengoja bajeti.

Habari zingine za kwetu. Maji ya mvua yameingia mu vyoo na mu visima, na kolera inaijua Kalemie toka zamani. Chemsheni maji. Mtoto akianza kuhara kama maji, mumupe kinywaji hiki munapomupeleka kituo cha afya: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kulinganisha, si vya kujaza. Kilalo cha miti kilichobebwa na maji kimerudishwa na vijana, lakini mwenye pikipiki apite kwa mguu, asukume. Mwenye kadi ya mchimbaji iliyolowa asiitupe, aje tumuandikie barua ya kuomba ingine.

Kaye yetu ingali wazi. Jumapili, watu wakitoka kusali, itakuwa kwa mwandishi wa sendika mpaka saa kumi. Mama aje na jina lake na jina la bwana wake. Yule wa watoto watano ameshaandikwa, mstari wa kwanza. Bwana wake alipiga simu kutoka Nyunzu Ijumaa, akauliza kama ukuta wa upande wa kitanda ndio ulioanguka ao wa upande wa jiko. Ni wa jiko.