Kwa nini parokia hubeba mzigo wa safari za baiskeli za kupinga umaskini

MTU anayeendesha baiskeli kutoka Kitale hadi Bungoma huteremka zaidi ya anavyopanda. Mji wa Kitale umo katika mwinuko wa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali Bungoma uko karibu mita 1,400. Kati ya miji hiyo kuna kilomita zipatazo 80, kupitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye.

Kwa mwenyeji, hiyo ni barabara ya kupelekea mahindi sokoni na watoto shuleni. Lakini ni barabara ya aina ile inayotafutwa na waandalizi wa safari za hisani: si ndefu mno, inaunganisha dayosisi mbili za Kanisa Katoliki, na inapita mbele ya makanisa, shule na zahanati za parokia zilizojengwa tangu enzi za wamishonari.

Safari za namna hii zimezoeleka zaidi ng'ambo. Mnamo mwaka wa 2009, kundi la waendeshaji likiongozwa na padre Mjesuti wa parokia moja ya Kansas City lilivuka Marekani kutoka Cape Flattery, jimbo la Washington, hadi Key West, Florida. Safari hiyo ilichukua takriban siku 100 na kupita umbali wa kilomita zipatazo 8,000. Iliandamana na kampeni iliyozinduliwa mwaka wa 2007 na shirika la Catholic Charities USA, ambayo lengo lake lilikuwa kupunguza umaskini nchini humo kwa nusu kufikia mwaka wa 2020.

Yafaa kueleza ni kwa nini waandalizi hukimbilia parokia kabla ya kumwendea mfadhili mwingine yeyote. Jibu ni mpangilio wake. Shirika lisilo la kiserikali likitaka kuwafikia watu 2,000 sharti likodi ukumbi, lichapishe mabango na kulipia matangazo ya redio. Paroko hutangaza jambo Jumapili baada ya komunyo, na kufikia Jumatatu habari imefika katika kila kigango.

Chini ya kigango kuna jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa msingi wa uchungaji katika kikao cha AMECEA cha mwaka wa 1976. Hizi hukutana nyumbani kwa waumini kila wiki. Wanajumuiya wanajua ni nani hajala, ni mtoto wa nani aliyeacha shule, na ni mjane gani ambaye paa lake linavuja. Hakuna ofisi ya serikali yenye orodha kama hiyo.

Parokia pia ina vitu ambavyo mwendeshaji baiskeli mchovu huvihitaji: ukumbi wa kulala, maji, jiko, na akina mama wa Chama cha Wanawake Wakatoliki wanaoweza kupikia watu 50 ugali na maharagwe bila ya kuwa na kamati ndogo ya maandalizi. Fundi wa baiskeli hakosi miongoni mwa waumini. Na ikiwa mmoja wa wasafiri ataanguka, zahanati ya misheni mara nyingi haiko mbali.

Fedha hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni sadaka ya pili, inayokusanywa baada ya ile ya kawaida kwa ajili ya shughuli maalumu. Ya pili ni ahadi kwa kila kilomita: mtu akiahidi Sh10, mwendeshaji aliyemaliza safari ya Kitale hadi Bungoma humdai Sh800. Mwenye Sh1 hutoa Sh80, naye pia amehesabiwa.

Wakatoliki wa Kenya hawahitaji kufundishwa jambo hili upya. Kila Kwaresima, Kampeni ya Kwaresima inayoandaliwa na Tume ya Haki na Amani huwapa waumini mada za kujadili wiki baada ya wiki katika jumuiya, zikiwemo za ardhi, ufisadi na uchumi wa familia, na mwishowe mchango hukusanywa. Safari ya baiskeli huongezea mazungumzo hayo miguu, na huwavutia vijana ambao kijitabu cha Kwaresima hakiwavutii.

Je, ni umaskini upi utakaotangazwa katika barabara hiyo? Takwimu za serikali za mwaka wa 2015/16 zilionyesha kuwa asilimia 36.1 ya Wakenya waliishi chini ya mstari wa umaskini. Bungoma ilikuwa na asilimia 35.7 na Trans Nzoia asilimia 34. Kwa wakazi wa mashambani, mstari huo ulikuwa Sh3,252 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, yaani kama Sh108 kwa siku, za chakula na mahitaji mengine yote.

Wastani, hata hivyo, huficha mengi. Dayosisi ya Kitale, iliyoundwa mwaka wa 1998 kutoka Eldoret, inajumuisha pia Pokot Magharibi, ambako kiwango hicho kilikuwa asilimia 57.4. Trans Nzoia nayo husifiwa kuwa ghala la chakula la taifa, lakini katika mashamba makubwa yaliyoachwa na walowezi kuna familia za maskwota zilizolima kizazi hadi kizazi bila hatimiliki. Katika kitongoji cha Kipsongo mjini Kitale wanaishi watu wa asili ya Turkana ambao jamaa zao walikimbia ukame na wizi wa mifugo. Wanalala na njaa mjini ambamo malori ya mahindi hupita mchana kutwa.

Upande wa Bungoma, dayosisi iliyomegwa kutoka Kakamega mwaka wa 1987, sura ya umaskini ni nyingine. Huko pigo limetokana na viwanda. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, Webuye, kilifungwa mwaka wa 2009, na mji mzima ukapoteza wapangaji, wateja na karo za shule. Wakulima wa miwa wa Nzoia nao wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu malipo yanayocheleweshwa.

Kuna pingamizi ambalo waandalizi hawapaswi kulikwepa. Kuhamasisha watu kuhusu umaskini kuna maana gani mahali ambapo umaskini ni jirani wa kila mtu? Katika Magharibi mwa Kenya, baiskeli si chombo cha mazoezi. Bodaboda yenyewe ilianzia katika mpaka wa Busia katika miaka ya 1960, ambapo vijana walibeba abiria na mizigo kwenye keria kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Mwenye Black Mamba aliyebeba gunia la makaa au mikungu ya ndizi hajawahi kudhaminiwa kwa kila kilomita.

Tena, huyo mwenye baiskeli amekwisha kusukumwa kando. Baada ya serikali kuondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, pikipiki zilijaa kila kituo, na wengi waliokosa fedha za kununua moja walibaki kando ya barabara wakingoja abiria wasiokuja. Msafara wa hisani ukiwapita watu hao bila kuwaalika wapande pamoja nao, utakuwa umewageuza kuwa watazamaji wa habari inayowahusu wao wenyewe.

Mfano wa Marekani una funzo gumu vilevile. Mwaka wa 2007 maskini nchini humo walihesabiwa kuwa milioni 37.3. Mwaka wa 2020, ule uliolengwa, walikuwa milioni 37.2. Asilimia ilishuka kidogo kwa kuwa idadi ya watu iliongezeka, lakini nusu iliyoahidiwa haikufikiwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo halikuwa kosa la waendeshaji. Sera za kodi, mishahara na matibabu haziamuliwi juu ya tandiko la baiskeli. Lakini linaonyesha kuwa lengo la safari ya parokia linafaa kuwa dogo na la kupimika.

Lengo moja la aina hiyo ni baiskeli zenyewe. Katika utafiti uliofanywa Zambia mwaka wa 2017 na 2018, wasichana wa shule za mashambani waliopewa baiskeli walipunguza siku za kutohudhuria masomo kwa asilimia 28. Shirika la World Bicycle Relief, lililohusika na mpango huo, lina karakana ya kuunganisha baiskeli Kisumu, ambako si mbali na Bungoma. Parokia inayochangisha fedha ya baiskeli 10 kwa wasichana wanaotembea zaidi ya kilomita tatu kwenda shule inaweza kuhesabu matokeo mwishoni mwa muhula, na jumuiya zenyewe ndizo zitakazotaja majina ya wanaostahili.

Yapo mambo mawili ya kuamuliwa mapema. La kwanza ni majira. Mwezi wa Aprili mvua huwa imeanza na wakulima wako shambani. Kati ya Mei na Julai, akiba ya mahindi huwa imepungua katika nyumba nyingi. Kuomba mchango wakati huo ni kuwaomba wenye njaa. Baada ya mavuno ya Trans Nzoia, kuanzia Novemba, hata asiye na pesa anaweza kuleta gorogoro la mahindi kanisani, nalo likauzwa.

La pili ni barabara. Kutoka Kitale hadi Webuye magari ni ya kawaida, lakini kuanzia Webuye hadi Bungoma msafara huingia katika barabara kuu ya Malaba, inayotumiwa na malori mazito ya mizigo ya kwenda Uganda na nchi za mbali zaidi. Kilomita hizo 25 za mwisho zahitaji polisi wa trafiki mbele na nyuma, na kuondoka Webuye alfajiri, kabla ya foleni ya malori haijaanza kusonga.