Bata wa Ulemo: ndege wa Krismasi anayehitaji hesabu ya maji

Kuku wa kienyeji wa Singida hahitaji kutambulishwa. Wachuuzi wa Shekilango na Kisutu jijini Dar es Salaam humnadi kwa jina la mkoa anakotoka, na matenga yake hupakiwa kwenye mabasi na malori katika barabara kuu ya Nzega hadi Singida. Ulemo, kata ya Wilaya ya Iramba, imekaa vizuri kwa biashara hiyo, kwani mlango wake ni Misigiri, njia panda ya kwenda Kiomboi yaliko makao makuu ya wilaya. Kwenye nyua za huko bata naye yumo, wawili watatu, akichakura pamoja na kuku. Lakini tenga likifungwa, yeye huachwa.

Sababu hutajwa haraka: bata ni mchafu, nyama yake ngumu, anakunywa maji mengi, hana soko. Katika madai hayo, moja tu ni la kweli kwa asili yake, nalo ni maji. Mengine yametokana na namna tunavyomfuga. Tunamfuga bila tarehe, tunamnywesha bila kupima, kisha tunampeleka gulioni akiwa mzee aliyeacha kutaga. Mlaji akimtafuna mara moja, harudi tena.

Ndege mwenyewe

Bata anayeonekana zaidi vijijini kwetu ni yule mwenye nyama nyekundu usoni, dume lake kubwa karibu mara mbili ya jike, asiyepiga kelele bali hufoka kwa pumzi. Wataalamu humwita Muscovy. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, ambako wenyeji walimfuga kabla ya Wazungu kufika. Bata wengine wa kufugwa, kama Pekin mweupe wa China, wametokana na bata pori wa kaskazini mwa dunia. Tofauti hiyo ina maana kwa mfugaji. Mayai ya bata wa jamii ya Pekin huanguliwa kwa siku 28, ya Muscovy kwa siku 35, na ya kuku kwa siku 21. Aina hizo mbili zikipandana hupatikana chotara asiyezaa, kwa hiyo anayetaka kuendeleza kizazi asizichanganye.

Kwa nchi kavu kama Iramba, Muscovy ana sifa tatu. Kwanza, hahitaji bwawa. Pili, nyama yake haina mafuta mengi kama ya Pekin. Tatu, ni mwatamiaji hodari. Kaya isiyo na umeme wala mashine ya kutotolesha inaweza kumwekea jike mmoja mayai ya kuku 20 na zaidi, naye akayalalia siku 21 bila shida, maana mwili wake umezoea kulala siku 35. Kuku wa kienyeji hufunika mayai 12 au 15. Vifaranga wakitoka, huondolewa na kukabidhiwa kuku mwenye wake. Hata kama mtu hatauza bata hata mmoja, kazi hiyo peke yake inamlipia jike chakula chake.

Kilo moja ya bata imebeba nini

Tuchukue kaya yenye dume moja na majike watano. Kila jike akiatamia mayai 12 tunapata mayai 60. Tukikadiria kwamba asilimia 70 yataanguliwa, ni vifaranga 42. Wanane kwa kila kumi wakifika umri wa kuuzwa, tunabaki na bata 33. Wakilishwa vizuri kwa wiki 16, dume wa kijijini anaweza kufika kilo 3.5 na jike kilo 2. Madume 16 na majike 17 ni kilo 90 za bata hai.

Sasa gharama. Tangu kuanguliwa hadi wiki ya 16, bata anayelishwa bandani tu hula takriban kilo 10. Kwa 33, ni kilo 330. Maji ya kunywa ni wastani wa nusu lita kwa siku kwa kila mmoja, yaani kama dumu moja la lita 20 kwa kundi zima, na dumu la pili la kuoshea mabeseni na kuwawezesha kujisafisha. Madumu mawili kwa siku 112 ni madumu 224.

Gawanya kwa kilo 90, na hapo ndipo bei ya bata inapojulikana: kila kilo moja ya bata hai imebeba kilo 3.7 hivi za chakula na madumu mawili na nusu ya maji. Mfugaji aweke bei za kijijini kwake kwenye hesabu hiyo. Kila shilingi 50 inayoongezeka kwenye dumu inaongeza shilingi 11,200 kwenye gharama za msimu. Anayechota bombani karibu na nyumbani na anayenunua kwa mwenye baiskeli hawafanyi biashara moja, hata kama bata wao wanafanana.

Kuna gharama nyingine ambayo wengi huisahau. Bata mkubwa hula kama gramu 150 kwa siku. Wazazi sita wakilishwa ndani mwaka mzima humaliza karibu kilo 330, sawa na kundi zima la kuuza. Ndiyo sababu wazazi lazima wajitafutie wakati wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wanapopata majani, wadudu na konokono bila malipo. Vilevile lazima waatamie zaidi ya mara moja kwa mwaka. Wazazi wanaotoa kundi moja tu hula faida yote.

Kalenda ya Ulemo

Soko la bata hupanda sikukuu zinapokaribia, na Krismasi ndiyo yenye tarehe isiyobadilika. Tuhesabu kurudi nyuma. Bata wa wiki 16 anayetakiwa kuwa tayari Desemba 14 lazima awe ameanguliwa Agosti 24. Kwa Muscovy, mama yake lazima awe ameanza kuatamia Julai 20. Mayai ya kulaliwa yakusanywe wiki mbili kabla ya hapo, yawekwe mahali penye ubaridi, na majike waanzishwe pamoja ili vifaranga walingane.

Tarehe hizo zina faida na mtego. Faida ni kwamba Julai mavuno yameingia. Mahindi, mtama na alizeti vipo nyumbani au mashineni, na pumba na mashudu bado havijapanda bei. Huo ndio wakati wa kununua chakula cha msimu mzima na kukihifadhi pakavu. Mtego ni Septemba hadi Novemba, miezi ambayo visima na malambo hupungua huku bata wakinywa kuliko wakati wowote. Mfugaji ajiandae mapema. Na maji machafu ya beseni yasimwagwe ovyo. Yana mbolea, na yakielekezwa kwenye tuta la mchicha, matembele au vitunguu, dumu moja linakuwa limefanya kazi mbili.

Kundi la pili lifuate mvua. Mayai yakilaliwa mapema Februari, vifaranga hutoka katikati ya Machi, majani yakiwa mengi, na huwa tayari kuanzia Julai. Hao hawatapata bei ya Krismasi, lakini gharama yao ya chakula ni ndogo. Wauzwe magulioni na kwa wenye migahawa ya barabarani, au waliwe nyumbani.

Pale wanapofia

Hasara kubwa ya bata hutokea katika wiki tatu za kwanza. Tazama kifaranga wa bata anapokula: anachota pumba, anakimbilia maji, anachovya mdomo mpaka puani, anapuliza, kisha anarudi kwenye chakula. Chombo kisiporuhusu pua kuzama, pua huziba kwa unga na macho huvimba. Chombo kikiwa kirefu kupita kiasi, kifaranga huzama. Sufuria kuukuu yenye mawe katikati inatosha. Vifaranga walioanguliwa chini ya kuku waangaliwe zaidi, kwa sababu hawapati mafuta ya manyoya ya mama bata. Wakilowa usiku hufa kwa baridi, na usiku wa Iramba mwezi Agosti una baridi.

Chakula cha wiki hizo kiwe na protini ya asilimia 20, baadaye ishuke hadi 16. Mashudu ya alizeti, ambayo Singida inayo kwa wingi, husaidia sana, lakini yana nyuzinyuzi nyingi na hayatoshi peke yake, dagaa waongezwe. Pumba tupu humlemaza kifaranga miguu, kwa kuwa bata anahitaji vitamini niasini kuliko kuku. Pumba za mahindi zilizovunda zisitumike kabisa. Sumukuvu, sumu ya ukungu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, ilitambuliwa kwanza kwa sababu ya ndege. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa kula chakula chenye karanga zilizoota ukungu. Vifaranga wa bata ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka zaidi na sumu hiyo. Mahindi yasiyomfaa mtu hayamfai bata.

Kwa upande wa magonjwa, bata ana nguvu. Mdondo, ugonjwa unaoweza kumaliza banda la kuku kwa siku chache, mara nyingi humpita bila kuonyesha dalili. Hapo ndipo anapokuwa bima ya kaya: mwaka ambao kuku wamekwisha, bata wapo. Lakini anaweza kubeba virusi na kuvisambaza. Anayechanganya ndege hao awachanje kuku wake kila miezi mitatu kwa chanjo ya I-2, tone moja jichoni, inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huko Kibaha. Awatengee pia mabanda, maana unyevu wa bata huwaletea kuku magonjwa.

Mafua makali ya ndege nayo yasichukuliwe kuwa habari za mbali. Januari 2017 Uganda iliyathibitisha kwa ndege pori wa ufukwe wa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na kwa bata na kuku wa kufugwa Masaka. Oktoba mwaka huohuo Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 wa kuku walioingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga kinyume cha sheria. Mfugaji wa Ulemo atafute mbegu kwa jirani anayemfahamu na amripoti kwa afisa mifugo wa kata kila ndege anayekufa ghafla.

Sokoni: kilo badala ya kichwa

Bata wetu huuzwa kwa kichwa. Utaratibu huo unamwumiza mfugaji, kwa sababu dume la kilo 3.5 na jike la kilo 2 hutofautiana kwa uzito kuliko wanavyotofautiana kwa bei ya haraka ya njia panda. Mizani ya kuning'iniza inayotumika kwa nyama inatosha. Kikundi cha kaya tano kinaweza kuchangia moja.

La pili ni umri. Bata wa wiki 14 hadi 16 ana nyama laini. Bata wa miaka mitatu ni wa kuchemshwa nusu siku. Muuzaji anayemtofautisha mchanga na mzee, na kusema wazi ni yupi, anajenga wateja. La tatu ni manyoya. Kumnyonyoa bata ni kazi, na wanunuzi wengi wa mjini humkwepa kwa sababu hiyo. Maji ya moto yasiyochemka, yakitiwa sabuni kidogo ili yapenye mafuta ya manyoya, hurahisisha kazi. Anayeuza kwa mgahawa bata aliyekwisha nyonyolewa anauza nyama pamoja na muda aliomwokolea mpishi.

La nne ni oda. Kuku hupata mnunuzi siku yoyote, bata hapati. Basi asipelekwe barabarani kubahatisha. Wachuuzi wa kuku wanaopita Misigiri waulizwe Oktoba wanahitaji wangapi wa Desemba, na kaya kadhaa zikusanye idadi inayojaza tenga. Mchuuzi hasimamishi gari kwa ajili ya bata wawili.

Serikali nayo ina nafasi yake. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha Ulemo kinachoandika andiko la bata lenye hesabu ya chakula, maji na tarehe ya kuuza kinastahili kusikilizwa sawa na cha kuku. Maafisa ugani nao waingize bata kwenye takwimu na ziara zao, kwani ndege asiyeandikwa hapangiwi dawa wala soko.

Ushauri wetu ni huu. Kaya yenye uhakika wa madumu mawili ya maji kila siku kuanzia Septemba hadi Novemba, na chakula kilichonunuliwa Julai, ianze na dume moja na majike watano, ibadilishe dume kila baada ya miaka miwili ili kuzuia udugu, na iuze kwa kilo. Kaya isiyo na maji hayo isijitie kwenye bata wa Krismasi. Ifuge majike wawili wa kulalia mayai ya kuku, na nguvu iliyobaki iiweke kwenye kuku ambaye Singida tayari inasifika kwake.