Programu Dhibiti ya Laptopu na Uhai wa Betri Yake

Kila laptopu ina programu inayoamka kabla ya Windows, macOS au Linux. Haikai kwenye diski. Imehifadhiwa katika chipu ndogo iliyolehemewa kwenye ubao mama, mara nyingi yenye miguu minane na nafasi ya megabaiti 16 au 32 tu. Hiyo ndiyo programu dhibiti. Mafundi wengi bado huiita BIOS, jina lililoenea tangu enzi za kompyuta ya IBM ya 1981, ingawa laptopu za leo hutumia mfumo mpya zaidi uitwao UEFI. Kitufe cha kuwasha kinapobonyezwa, programu hiyo hukagua kumbukumbu, huwasha skrini na kibodi, hutafuta diski, kisha huukabidhi mfumo endeshi kazi.

Wengi hudhani shughuli yake inaishia hapo. Karibu na chipu hiyo kuna kidhibiti kingine kidogo ambacho hakilali hata laptopu ikizimwa, maadamu kuna umeme. Hicho ndicho kinachosubiri kitufe cha kuwasha, kinachoamua feni izunguke kwa kasi gani, na kinachoamua betri ianze kuchajiwa lini na iachwe lini. Nacho kina programu dhibiti yake, ambayo kwa kawaida husasishwa pamoja na BIOS katika faili moja. Ndani ya betri mna chipu ya tatu inayopima volti, joto na mkondo wa umeme, na kuhesabu umeme ulioingia na uliotoka. Asilimia inayoonekana pembeni mwa skrini ni makadirio yanayotokana na chipu hiyo. Kwa hiyo betri inayosoma vibaya, inayokataa kujaa au inayoisha ghafla huenda ikawa nzima kabisa, na kasoro ikawa kwenye programu inayoisimamia.

ThinkPad T480 inaonyesha vizuri jinsi mambo haya yalivyoshikana. Ni laptopu ya Lenovo iliyotoka 2018, na leo inauzwa kwa wingi ikiwa imeshatumika maofisini. Ina betri mbili: ya ndani yenye uwezo wa wati-saa 24, na ya nje inayochomolewa, ambayo huwa ya 24, 48 au 72. Programu dhibiti ndiyo inayopanga zamu. Chaja ikichomolewa, huanza kutumia betri ya nje. Hiyo ikikaribia kwisha, huhamia ya ndani. Mtumiaji anaweza kuitoa ya nje na kuchomeka nyingine huku kazi ikiendelea.

Laptopu hiyohiyo, pamoja na ThinkPad nyingine kadhaa za miaka ya 2017 hadi 2019, ilikuwa na kasoro katika programu dhibiti ya Thunderbolt, inayosimamia tundu la aina C ambalo pia hupokea chaja. Programu hiyo iliandika taarifa nyingi mno kwenye chipu yake ndogo mpaka tundu likaharibika. Chaja inachomekwa, taa haiwaki, betri haipandi. Mwenye mali hununua chaja mpya, halafu betri mpya, na tatizo liko palepale. Lenovo ilitoa sasisho la kuzuia hali hiyo. Aliyelisakinisha mapema aliliokoa tundu. Aliyechelewa aliweza kujikuta ubao mama unabadilishwa, au fundi anaiandika upya chipu kwa kifaa maalumu. Anayenunua T480 iliyotumika anapaswa kulitafuta sasisho hilo siku ya kwanza, kabla hajatoa hata senti kwa ajili ya betri mpya.

Sababu nyingine ya kusasisha ni usalama. Kirusi kinachoingia kwenye programu dhibiti hakiondoki kwa kufuta diski wala kwa kusakinisha Windows upya. Mwaka 2018 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza juu ya LoJax, kirusi cha kwanza cha aina hiyo kukutwa kikitumika dhidi ya watu katika laptopu zenye UEFI. Zaidi ya hayo, vyeti vya kidijiti vya Microsoft vya mwaka 2011, ambavyo laptopu hutumia kuhakikisha kwamba programu ya kuwashia haikuchezewa, vimewekewa ukomo unaoanza Juni 2026. Laptopu yenye vyeti vya zamani itaendelea kuwaka, lakini itakosa baadhi ya masasisho ya ulinzi wa hatua ya kuwasha. Kwa mashine nyingi vyeti vipya huja kupitia Windows. Nyingine huhitaji kwanza sasisho la programu dhibiti.

Hata hivyo si busara kulirukia kila sasisho siku linapotoka. Januari 2018, baada ya kutangazwa udhaifu wa vichakataji uitwao Spectre na Meltdown, Intel ilitoa marekebisho ya haraka, na kabla mwezi haujaisha ikawaomba watengenezaji wasitishe kuyasambaza kwa sababu kompyuta zilikuwa zikijizima na kujiwasha ovyo. Kila sasisho huambatana na maelezo ya kilichorekebishwa. Yasomwe. Yakitaja usalama, kuchaji, joto, feni au betri, lina maana kwa mtumiaji. Yakitaja tu kifaa ambacho laptopu hiyo haina, hakuna haraka. Na kwa sasisho lisilo la dharura, kungoja wiki mbili tatu hakupunguzi kitu.

Kazi yenyewe huanza kwa kujua laptopu ni ipi hasa. Jina la jumla halitoshi, kwa kuwa mashine mbili zenye jina moja na miaka tofauti huwa na mafaili tofauti. Jina kamili na namba ya mfululizo ya mashine huandikwa kwenye kibandiko cha chini. Katika Windows, kuandika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia hufungua ukurasa unaoonyesha toleo la BIOS na tarehe yake. Faili la sasisho lichukuliwe kwa mtengenezaji peke yake, iwe kupitia Windows Update, programu ya kampuni kama Lenovo Vantage au HP Support Assistant, au tovuti yake rasmi. Watumiaji wa Linux wana fwupd, ambayo huleta mafaili yaliyopakiwa na watengenezaji wenyewe. Kwa MacBook hakuna cha kutafuta. Programu dhibiti husasishwa pamoja na macOS.

Kabla ya kubonyeza chochote, mafaili muhimu yanakiliwe mahali pengine. Laptopu nyingi za Windows hufungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, na mabadiliko ya programu dhibiti yanaweza kuifanya laptopu idai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 inapowaka. Asiye nao hataliona tena faili lake hata moja. Ni lazima ufunguo huo utafutwe kwanza kwenye akaunti ya Microsoft au kwa msimamizi wa ofisi, au BitLocker isimamishwe kwa muda. Flashi na vifaa vingine vya nje vichomolewe.

Sasa betri inaingia kwenye hesabu. Laptopu nyingi hukataa kusasisha programu dhibiti mpaka chaja iwe imechomekwa na betri iwe na kiasi fulani cha umeme. Kuna sababu ya ukali huo. Chipu hufutwa kipande kwa kipande na kuandikwa upya; umeme ukikatika katikati, kinachobaki ni nusu ya programu ya zamani na nusu ya mpya, na laptopu inaweza isiwake tena. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, kama ilivyo katika miji na vijiji vingi vya Afrika Mashariki, chaja peke yake si kinga. Betri ndiyo inayozivusha dakika hizo. Ndiyo maana laptopu yenye betri iliyokufa, ile inayofanya kazi kwa waya tu, haipaswi kusasishwa hivihivi. Zipo njia za kuilazimisha iruke ukaguzi wa betri, na baadhi ya mafundi huzitumia. Ni kamari mbaya. Ibadilishwe betri kwanza, au mashine iunganishwe na UPS iliyo nzima.

Wakati wa kuandika, skrini inaweza kuwa nyeusi kwa dakika kadhaa, feni ikavuma kwa nguvu, na mashine ikajizima na kujiwasha zaidi ya mara moja. Hapo ndipo laptopu nyingi huuawa na wenyewe: mtu anaona kiza, anadhani imekwama, anashikilia kitufe cha kuzima. Iachwe. Nusu saa ya subira ni nafuu kuliko ubao mama mpya.

Mambo yakiharibika, si kila mara ndio mwisho. Kampuni kadhaa huweka nakala ya akiba ya programu dhibiti ndani ya mashine, na nyingine huruhusu kuirejesha kutoka kwenye flashi kwa kushikilia vitufe maalumu. Hilo likishindikana, fundi mwenye kifaa cha bei nafuu kiitwacho CH341A huifungua laptopu, hukichomoa kiunganishi cha betri, huibana ile chipu ya miguu minane kwa kibanio, na kuiandika upya kutoka kompyuta nyingine. Ni kazi ya mkono uliotulia, na fundi makini huhifadhi kwanza nakala ya kilichomo, kwa sababu ndani yake mna namba na funguo za mashine hiyo pekee.

Kuhusu uhai wa betri, jambo la kuelewa kwanza ni kwamba betri za lithiamu-ioni, zilizoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, huchakaa hata zisipotumika. Maadui wake wakubwa ni joto na kukaa muda mrefu zikiwa zimejaa. Seli ya kawaida hujaa ikifika takriban volti 4.2, na katika volti hiyo kemikali zake hushambuliana kwa kasi zaidi. Takwimu za Battery University, zinazotumiwa sana na mafundi, zinasema betri iliyowekwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ikiwa na chaji ya asilimia 40 hupoteza takriban asilimia 4 ya uwezo wake, na iliyojaa kabisa hupoteza 20. Kwenye nyuzi 40, ya kwanza hupoteza 15 na ya pili 35. Dar es Salaam na Mombasa hupita nyuzi 30 mchana wa miezi ya joto, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hufika 50 na zaidi. Laptopu iliyojaa chaji na kuachwa humo inaumia kuliko laptopu inayotumika kutwa.

Dawa yenye nguvu kuliko zote ni kuweka kikomo cha kuchaji, na kikomo hicho ni kazi ya programu dhibiti. Lenovo hukiweka ndani ya Vantage, Dell na HP hukiweka kwenye mipangilio ya BIOS, ASUS kwenye programu yake, na Linux huruhusu kukiandika moja kwa moja kwenye mashine nyingi. Apple iliingiza usimamizi wa afya ya betri kwa MacBook mwaka 2020. Laptopu inayokaa mezani ikiwa kwenye umeme iwekewe kikomo cha asilimia 80, na anayesafiri akiondoe siku moja kabla. Mahali penye mgao wa umeme, akiba ya asilimia 20 ina thamani yake, na si kosa kuijaza betri wakati ratiba ya kukatika inajulikana. Kosa ni kuiacha kwenye asilimia 100 miezi sita mfululizo. Baada ya kusasisha BIOS kikomo hicho kikaguliwe, maana sasisho linaweza kurudisha mipangilio ya kiwandani.

Desturi ya kuimaliza betri mpaka sifuri ndipo ichajiwe ilitokana na betri za nikeli-kadimiamu. Kwa lithiamu ni hasara. Kuichaji kidogo kidogo hakudhuru: kutumia nusu leo na nusu kesho huhesabiwa kuwa mzunguko mmoja tu. Kuimaliza kabisa kunafaa pale tu kipimo kinapodanganya, mfano laptopu inayozimika ikiwa inaonyesha asilimia 25. Hapo ijazwe, itumike mpaka izime, kisha ijazwe tena bila kukatizwa, ili chipu ya betri ijifunze upya mipaka yake.

Hali halisi ya betri hupimwa bila gharama. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutengeneza ripoti yenye namba mbili za kulinganisha: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Iliyoanza na wati-saa 50 na sasa inafika 40 imebakiwa na asilimia 80, na bado ni nzuri. Ikishuka chini ya nusu, ni wakati wa kununua nyingine. Mnunuzi wa laptopu iliyotumika ana haki ya kuiomba ripoti hiyo dukani kabla ya kulipa, na muuzaji mwaminifu hatakataa.

Betri mpya ilingane na namba ya ile ya zamani. Baadhi ya laptopu, ThinkPad zikiwemo, huikagua betri kupitia programu dhibiti, na isiyotambulika huonyeshewa onyo au hukataliwa kuchajiwa. Na betri iliyovimba, inayoinua kibodi au kulisukuma padi la kugusia, haina tiba ya programu yoyote: laptopu izimwe, chaja ichomolewe, na fundi aitoe betri hiyo bila kuitoboa, kuikunja wala kuitupa kwenye taka za kawaida, kwa kuwa inaweza kuwaka moto.